Siku ya Kurudi Inaandikwa Kwanza

Dereva akiingia ofisini kwake hakuambiwa karibu. Aliulizwa, "Unarudi siku gani?" Na kama hakuwa na jibu, alibaki amesimama mlangoni na funguo mkononi mpaka jibu lipatikane.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ndani ya uwanja wa malori kule Kanengo, upande ambao msimu wa mnada hewa yote inanuka tumbaku mpaka unapiga chafya. Mezani kulikuwa na simu mbili na kikombe cha chai iliyosahaulika. Ukutani kulikuwa na ubao mweusi kama wa shule. Na mbele ya ubao alisimama yeye, mwembamba, kitenge kimepigwa pasi, chaki nyuma ya sikio, akigombana na wanaume wenye shingo nene kama magunia, na wanaume wale wakisema, "Ndiyo Mama, ndiyo Mama."

Jina lake sitaliandika. Madereva walimwita Mama wa Zamu kwa kuwa ndiye aliyegawa zamu za safari, na kambi yetu yote ya wakimbizi, Dzaleka, ikafuata. Nadhani katika kambi yote jina lake la kweli nililijua mimi peke yangu, na hilo njo tatizo lenyewe, kama tunavyosema sisi watu wa Uvira. Kuna jambo nilipaswa kumwambia siku moja, nikanyamaza. Lakini siwezi kulieleza kabla hujamjua, maana bila kumjua hutaelewa kwa nini mtu anaweza kunyamaza mbele yake.

Ubao ulikuwa na safu mbili tu. Kushoto jina la dereva, kulia siku ya kurudi. Safu ya kuondoka haikuwepo. Papa, baba yangu, alitusimulia kwamba mwenye malori, ambaye wote wanamwita Patron, alimuuliza siku moja mbona haandiki siku ya kuondoka kama kampuni nyingine.

"Kuondoka kila mtu anajua, Patron. Hata mbuzi inajua kuondoka."

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa kinyume na ya wengine. Ukimletea mbolea ya kwenda Karonga, hakuita dereva. Alishika simu kwanza, akatafuta mzigo wa kurudi. Mchele wa Karonga upo? Mbao za Chikangawa zimekatwa? Sukari ya Dwangwa imefungwa kwenye magunia? Mpaka apate kitu cha kujaza lori likirudi, lile la kwenda halikuwasha injini. Patron alikuwa anazunguka uwanjani akishika kichwa, mbolea imeshapangwa juu ya trela, na yeye ndani ametulia anapiga simu ya tano.

Kwingine, Papa alisema, dereva anatumwa tu. Anashusha mzigo, halafu analala chini ya trela lake wiki nzima, anapika ugali wa nsima kwenye mbabula ya mkaa, anangoja aambiwe kuna mzigo. Kiatu kinaisha, akili inaisha. Siku akirudi nyumbani mtoto anamkimbia. Mwezi unaofuata anaomba kazi kwa mwingine, anakuta ni vilevile.

"Mtu hakimbii kazi," Mama wa Zamu alikuwa akisema. "Mtu anakimbia kungojea."

Alisema hivyo mtu aliyeishi Dzaleka, ambako sote kazi yetu kubwa ni kungojea. Labda njo maana alijua.

Papa yangu alikuwa mmoja wa madereva wake. Lori alijifunzia Uvira, kabla sijazaliwa. Hana karatasi za kuvuka mpaka, kwa hiyo safari zake zote ni za ndani ya Malawi: Karonga, Mzuzu, Blantyre, mpaka Nsanje kwenye joto. Mama anashona nguo mbele ya nyumba yetu, na mimi ni wa kwanza, nina wadogo wawili. Mama wa Zamu alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, lakini jirani wa mwisho wa wiki tu. Siku za kazi alilala kwenye chumba alichopanga Area 49, karibu na Kanengo. Jumamosi mchana alifika Dzaleka, na Jumapili jioni aliondoka.

Ungeona anavyofika ungecheka. Mwanamke aliyeamuru malori kumi na kitu, mwenyewe gari lilimtapisha. Alishuka kwenye minibasi pale njia panda akiwa ameshika limau puani, uso wa majivu, halafu akapanda kabaza na kukaa upande nyuma ya baiskeli kama malkia. Papa alisema hajawahi kumwona akipanda lori hata moja, hata lililosimama. Aliyaogopa. Akipita uwanjani alipita mbali na magurudumu, kana kwamba yana meno.

Alikuwa mtu wa Bukavu kwelikweli. Kabla ya kuingia mtaani kwetu alisimama, akatoa kitambaa kwenye mkoba, akapangusa viatu, halafu akaingia kwenye vumbi lilelile. Mama alimuuliza faida yake ni nini.

"Ni kwa ajili ya heshima ya viatu," alijibu.

Yeye aliyekumbuka siku ya kurudi ya kila dereva, mambo yake mwenyewe alisahau vibaya sana. Maharage aliyaunguza kila Jumamosi, sisi tulijua amefika kwa ile harufu. Simu alipoteza mbili ninazozijua. Kadi yake ya posho aliipoteza mara mbili pia, mpaka ofisi ya kambi ikamruhusu kuandikisha mtu wa kumchukulia. Akaniandikisha mimi. Sijui kwa nini mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na mtu akinisalimu nilikuwa naangalia vidole vyangu vya mguu.

"Kwa sababu haupotezi vitu," aliniambia. "Na hausemi sana."

Basi kila mwezi nilisimama kwenye mstari na kadi yake, na juu ya kadi kulikuwa na jina lake, majina matatu marefu ambayo sikuwahi kusikia mtu akiyatamka. Nilijisikia kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo. Niliyasoma kimoyomoyo mstari mzima, mpaka nikayajua kama Baba Yetu.

Kuhusu madereva, alikuwa na ujuzi ambao Patron hakuwa nao. Alikuwa na namba ya simu ya mke wa kila mmoja. Siku ya kurudi ikibadilika, alimpigia mke kwanza, dereva baadaye.

"Dereva anaendesha gari," alisema. "Bibi yake njo anaendesha dereva."

Kulikuwa na dereva Mtanzania, mtu wa Mbeya, mcheshi. Kwa kweli Patron alimwajiri Mama wa Zamu mwanzoni kwa sababu ya madereva kama huyo, apate mtu wa kuongea nao Kiswahili. Siku moja huyo wa Mbeya alitaka aandikiwe kurudi Jumapili wakati mzigo wake wa Mzuzu ulikuwa wa kuisha Ijumaa.

"Mama, niandikie Jumapili tu, usinibanie. Barabara mbovu."

"Barabara ya wapi?"

"Hii hii ya Mzuzu."

"Barabara ya Mzuzu mi naijua, haina kope za kubandika wala haijipaki mafuta. Bibi yako alinipigia asubuhi. Amesema Ijumaa, anapika pilau."

Uwanja mzima ulicheka mpaka mafundi waliokuwa chini ya gari wakatoa vichwa. Papa alipotusimulia alikuwa anafuta machozi. Na yule wa Mbeya, Ijumaa alirudi.

Alijua pia siku za Dzaleka, na hapo njo alipowazidi wote. Kampuni nyingine wakimchukua dereva wa kwetu hawajui kwamba kuna siku ya posho, kuna siku ya kuhesabiwa ambapo kila mtu aliye kwenye kadi lazima asimame mwenyewe aonekane, na asiyeonekana jina linafutwa. Yeye alijua. Na kwa Wamalawi alijua misiba. Mtu akikosa maliro ya mama mkwe wake hapa, anaweza kuhama kijiji kwa aibu. Kwa hiyo alifanya kitu kilichomuudhi Patron miaka yote: aliweka dereva mmoja wa kukaa bure.

Alikuwa mzee Mmalawi, dereva wa zamani, mgongo umechoka na safari ndefu. Kila siku alikaa kwenye benchi uwanjani, kofia usoni. Walimwita Mzee wa Akiba. Kazi yake ilikuwa kungoja mtu apate msiba au mtoto, halafu anaenda kumpokea usukani popote alipo.

"Mimi namlipa mtu asinzie?" Patron alifoka.

"Huyo anayesinzia njo anazuia hawa wengine wasiondoke. Mwondoe uone."

Patron hakumwondoa. Na madereva walikaa. Wengine walikuwa hapo tangu mimi sijaanza shule.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na hasira. Dereva mmoja alimdanganya kuhusu siku, Mama wa Zamu akamrushia kifutio cha ubao, kikampiga mdomoni. Kesho yake akamletea mayai mawili ya kuchemsha, hakusema pole, aliyaweka tu juu ya magoti ya yule mtu. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya na nje ya wimbo. Na hakujua kubembeleza kabisa. Bibi yangu, mama yake Mama, alipofariki huko Fizi, majirani walikuja kumwambia Mama, usilie, mtaonana, Mungu ni mwema. Yeye alifika na viatu vyake vilivyopanguswa, akamwangalia Mama.

"Hamtaonana tena," akasema. "Lia."

Watu walishtuka, mwingine akasema huyu mama ana roho gani. Lakini Mama alilia siku hiyo kuliko siku zote, na Mama wa Zamu akaosha vyombo vyetu vyote mpaka jioni. Baadaye Mama alisema kati ya watu wote waliokuja, yule peke yake hakumdanganya.

Niliandika hayo kwenye daftari langu. Niliandika pia: *nataka kuwa hivyo*. Mimi ambaye mwalimu akiniuliza swali najibu kwa kuinua mabega.

Sasa nieleze mwaka nilipokuwa kidato cha pili.

Kampuni mpya ilianza kutafuta madereva. Ilikuwa na malori mapya, yenye kitanda nyuma ya kiti na feni ndogo. Hawakuja Kanengo. Walimweka kijana mmoja kule Mponela, kwenye kibanda cha chai ambapo madereva wanasimama, shati limenyooka, na kazi yake ilikuwa kununulia watu chai na kuwaonyesha picha za malori kwenye simu. Wawili wa Mama wa Zamu waliondoka. Mmoja alirudi baada ya miezi michache amekonda, akasimama mlangoni. Mama wa Zamu hakugeuka hata. Alichukua chaki.

"Unarudi siku gani?"

Yule mtu akasema, "Leo, Mama. Nimerudi leo."

Akaandikwa.

Papa naye alikunywa chai ile ya Mponela. Alikuwa amechoka na lori lake linalovuja, na alisema kitanda nyuma ya kiti si kitu kidogo kwa mgongo wa mtu. Mama alimuuliza, "Na kurudi?" Papa akasema watapanga. Mama alikanyaga cherehani kwa nguvu tu. Mwisho wa mwezi Papa alimwambia Mama wa Zamu kwamba akimaliza safari ya Karonga anaondoka. Tulimuuliza alijibu nini.

"Alisema sawa. Halafu akaandika siku yangu ya kurudi. Jumamosi."

Papa aliondoka Jumatatu. Jumanne nikitoka shule nilipita kwenye ubao wa matangazo wa kambi, ambapo wanabandika karatasi, nikaona watu wamesongamana. Ilikuwa orodha ya mahojiano, ya wale ambao dossier zao, faili zao za ukimbizi, zimeitwa kwa ajili ya kwenda kuishi nchi nyingine. Watu wanangoja orodha ile miaka kumi. Chini iliandikwa kwamba kila aliye kwenye kadi afike, na atakayekosa dossier yake itarudishwa nyuma.

Jina la Papa lilikuwepo. Ijumaa, saa mbili asubuhi, watu watano.

Na juu yake, Alhamisi, saa mbili asubuhi, mtu mmoja, kulikuwa na majina matatu marefu ambayo nayajua kama Baba Yetu.

Nilikimbia nyumbani. Nilimwambia Mama kuhusu sisi. Kuhusu yeye sikumwambia. Kichwa changu kilikuwa kimejaa sisi. Simu ya Papa haikupatikana, na Mama alikaa kitako chini kabisa, sindano bado mdomoni. Papa anarudi Jumamosi, sisi tunaitwa Ijumaa. Miaka yote hiyo, na tunaikosa kwa siku moja.

Jumatano asubuhi Mama alinichukua tukaenda Kanengo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Mama wa Zamu kwenye kiti chake. Malori yalikuwa makubwa kuliko nilivyofikiri, na kelele ilinitetemesha meno. Yeye alikuwa na simu masikio yote mawili. Mama alisimama mlangoni akaanza kusema na kulia kwa pamoja.

"Kaa. Usilie kwanza. Ijumaa saa ngapi?"

"Saa mbili."

Aliangalia ubao. Patron alikuwa pale, amesikia yote. Alisema kwa Kichewa, na Kichewa nakisikia vizuri, kwamba huyo mtu si ameshaaga? Anaenda kwa wale wa malori mapya. Unahangaika naye wa nini?

"Bado jina lake iko kwenye ubao yangu," alisema Mama wa Zamu, kwanza kwa Kiswahili kwa ajili yetu, halafu kwa Kichewa kwa ajili yake.

Akatueleza mpango huku akipiga simu. Papa anapakia mchele Karonga leo. Kesho Alhamisi anashuka nao mpaka Mzuzu, unashushwa pale, halafu lori liende Chikangawa kuchukua mbao. Hizo mbao njo zinazomchelewesha. Basi Mzee wa Akiba apande basi sasa hivi, kesho ampokee lori Mzuzu, na Papa apande basi lingine aje. Shida ni kwamba Papa simu imezimika na hajui lolote. Akipita ghala la Mzuzu bila kuambiwa, basi limempita.

"Mi nitakaa hapa na simu," alisema. "Leo yote na kesho yote. Nitampata kwa mwenye mchele, nikimkosa nitampata kwa mwenye pompi ya mafuta, nikimkosa nitampata kwa polisi wa kizuizi. Siondoki kwenye hii kiti mpaka awe ndani ya basi."

Kesho yote. Alhamisi.

Nilifungua mdomo. Mzee wa Akiba alikuwa ameshainuka kwenye benchi, anafunga kamba za viatu taratibu, anasema, "Zikomo, Amayi, ndapita," asante Mama, nimeshaenda. Simu ililia. Nilifunga mdomo. Simu ikakatwa, nikafungua tena. Akaniona.

"We, binti. Una kitu?"

Nilifikiri hivi, na nitaandika ukweli: nilifikiri anajua. Mtu anayejua mke wa nani anapika pilau Ijumaa, anayejua mbao za Chikangawa zimekatwa, hawezi kukosa kujua siku yake mwenyewe. Nilifikiri amepanga tayari. Mimi ni nani nimfundishe Mama wa Zamu tarehe? Hayo nilifikiri. Na chini ya hayo, mahali pachafu, kulikuwa na wazo lingine dogo: akienda kwake Alhamisi, nani atakaa na simu?

"Hapana, Mama," nikasema.

"Sawa. Mpeleke mama yako nyumbani, mkapige pasi nguo za Ijumaa."

Papa aliingia Dzaleka Alhamisi jua likizama, nyuma ya kabaza, mchele wa Karonga umemjaa kwenye nywele. Alisema polisi wa kizuizi alimsimamisha, akafikiri amekosa, kumbe polisi alimwambia, "Amayi wa Kanengo anasema panda basi Mzuzu, usiulize." Ijumaa tulikaa viti vitano mbele ya meza, nguo zimenyooka, tukajibu maswali. Tangu siku hiyo dossier yetu imepanda hatua moja. Bado tunangoja hatua nyingine.

Papa hakwenda kwa wale wa malori mapya. Yule kijana wa Mponela alimnunulia chai mara ya pili, Papa akamlipia yeye.

"Alinirudisha nikiwa nimeshamuacha," alimwambia Mama. "Sasa mtu kama huyo unamuacha namna gani?"

Jumamosi ile Mama wa Zamu alifika na limau lake. Maharage yaliungua. Mama alimpelekea kuku mzima, akamkatalia, halafu akamchukua. Karatasi ya majina ilikuwa imeshabanduliwa. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba lile jina ni lake, ila mimi. Namba ya simu aliyokuwa ameacha kwenye ofisi ya kambi ilikuwa ya simu iliyopotea. Nilijua basi, kwa jinsi alivyokuwa anacheka na Mama mlangoni, kwamba hakujua. Sikulala vizuri muda mrefu. Niliendelea kumchukulia posho, nikiweka gunia mlangoni na kukimbia kabla hajasema asante.

Zimepita karibu miaka miwili. Mwaka huu Patron aliuza malori. Mwenye malori wa sasa ameweka mashine inayoonyesha kila lori liko wapi, na amesema ubao hauna kazi, Mzee wa Akiba hana kazi, na mama wa chaki pia hana kazi. Kujua lori liko wapi, Papa alisema, si sawa na kujua litarudi lini. Madereva wameanza kuondoka mmoja mmoja. Papa bado yupo, lakini sasa tunamngoja kama wengine wanavyongoja.

Mama wa Zamu yuko Dzaleka siku zote sasa. Anakaanga biniye, maandazi ya kwetu, mbele ya nyumba, nusu zinaungua. Madereva wake wa zamani wakipita njia kubwa wanasimamisha, wanampa mtu wa kabaza kilo mbili za mchele, wanasema mpelekee Mama, mwambie nimerudi.

Wiki iliyopita nilipeleka gunia la posho, na sikukimbia. Nilikaa kwenye kigogo karibu na jiko lake. Nilisema yote, nikiangalia vidole vyangu vya mguu. Orodha. Majina matatu. Alhamisi saa mbili. Kwamba nilifungua mdomo mara mbili. Hata lile wazo chafu nilisema.

Aligeuza biniye zile mpaka zikawa nyeusi kabisa. Nilitaka aseme kwamba alijua. Nilitaka sana. Angesema tu, "Nilijua, binti, nilichagua," ningetembea nyumbani mwepesi.

"Sikujua," akasema. Aliondoa sufuria motoni. "Sitakudanganya. Ningejua, ningeenda."

"Ndiyo, Mama."

"Na Papa yako angebaki Karonga."

"Ndiyo."

"Na we ulijua hiyo pia."

Alilia kidogo, bila sauti, akipangusa macho kwa kitambaa kilekile cha viatu. Sikumwambia asilie. Halafu aliosha mikono, akaingia ndani, akatoka na kipande cha chaki, sijui alikihifadhi wapi, akanipa.

"Mi macho yangu hayafiki tena kwenye karatasi zao. Kuanzia sasa we njo unanisomea. Ubao wa kambi, kila Jumanne. Na usije kunong'ona hapa. Simama pale kwenye njia useme kwa sauti, watu wasikie. Ikiwa iko, sema iko. Ikiwa haiko, sema haiko. Usinibembeleze."

"Na jina, Mama? Watalisikia."

"Walisikie. Kama wangelisikia siku ile..." Hakumalizia. Akachukua unga kuanza biniye nyingine. "Unarudi siku gani?"

Leo ilikuwa Jumanne. Nilisoma orodha kuanzia juu mpaka chini, mara mbili, kidole kwenye karatasi. Halafu nilienda nikasimama kwenye njia mbele ya mlango wake. Wanawake wa bombani walikuwa wanapita na ndoo, watoto wa shule, mtu wa kabaza amesimama ananunua biniye. Nilitamka majina yote matatu, kwa sauti niliyokuwa sijui kama ninayo, nikasema leo hayapo, halafu kwa ile chaki nikaandika mlangoni pake siku ya kurudi.

Watu waligeuka. Mtu wa kabaza aliniuliza ni nani huyo.

"Ni mimi," alisema Mama wa Zamu kutoka kwenye moshi. "Ameniandika Jumanne ijayo."